Kaole kwa wapenda vyungu: uzoefu wangu

Nianze na ushauri wenyewe: ukienda Kaole, magofu ya mji wa kale karibu na Bagamoyo, kwa ajili ya vyombo vya kale, fanya shughuli ya kufinyanga udongo kwanza, chumba cha makumbusho baadaye. Wengi hufanya kinyume. Wanazunguka makaburi, wanapiga picha chini ya mbuyu, wanachungulia makabati dakika mbili tatu, halafu wanarudi mjini wakinung'unika kwamba wameoneshwa vipande vya sahani. Ni kweli, vingi ni vipande. Na chumba ni kidogo, anayetaka jumba la ghorofa atachoka mapema.

Nilikwenda na wanangu na wifi yangu. Mwenyeji wetu pale Bagamoyo alitutafutia bibi mmoja mfinyanzi wa mtaani, si mtu wa makumbusho, bei tukaelewana naye wenyewe. Shikamoo zilipokwisha akatukalisha kwenye jamvi na kumpa kila mmoja bonge la udongo. Gurudumu hana. Anatengeneza kitako kwa ngumi, anaviringisha udongo mrefu mwembamba na kuupandisha duru juu ya duru, anakwangua kwa kipande cha kibuyu, mwisho anasugua kwa kokoto laini mpaka ukuta ung'ae. Udongo mtupu haupendi moto, alituambia. Lazima uchanganywe na mchanga au vigae vya vyungu vilivyotwangwa, la sivyo chungu kinapasuka. Binti yangu alijitahidi kupamba mdomo wa chungu chake kwa mikunjo mikunjo. Bibi akautazama, akasema, "Sasa mjukuu wangu, mfuniko utakaa wapi?"

Vya kwetu havikuchomwa siku ile kwa sababu lazima vikauke kivulini kwanza. Akachoma vya kwake, uwanjani, kwa kuni na makumbi ya nazi, bila tanuri. Vilipopoa alikigonga kila kimoja kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Chenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Sisi kwa macho hatukuuona huo ufa, lakini alikiweka pembeni bila hata kukigeuza.

Baada ya hapo tukachukua bajaji hadi Kaole, kama kilomita 5 kusini mwa mji. Na hapo ndipo vipande vilipoanza kusema. Siri ni kutazama pale kilipovunjika, siyo usoni. Chungu cha wenyeji, kilichochomwa kwa moto wa wazi, mara nyingi kina utepe mweusi katikati ya unene wake, kwa sababu moto wa namna ile hauchomi mpaka ndani. Kigae cha kutoka China kina moyo mweupe au wa kijivu, mgumu, na ule mng'ao wa juu umeshikamana nao barabara. Vyombo hivyo huchomwa kwenye tanuri la joto la nyuzi 1,200 na zaidi. Rangi ya kijani iliyopoa, ile iliyopendwa sana pwani yetu, inatokana na chuma kidogo ndani ya mng'ao na moto ulionyimwa hewa. Matanuri ya Longquan, huko China, yalisifika kwa kazi hiyo. Vya Ghuba ya Uajemi vina udongo laini wa manjano na mng'ao wake hubanduka. Wanangu walianza kushindana kutambua, mimi nikabaki kuamua ugomvi.

Huo mng'ao, tukumbuke, ni kioo kilichoyeyushwa juu ya udongo. Kwa hiyo kutoka kwenye vigae kwenda kwenye shanga si safari ndefu. Shanga ndogo za kioo zilikuwa zikiletwa na majahazi kutoka India karne nyingi kabla ya misafara ya karne ya 19. Wakati Stanley anaondoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, wapagazi wake walibeba nguo, nyaya na mizigo ya shanga, maana huko bara hizo ndizo zilikuwa pesa ya njiani. Na haikuwa shanga yoyote: rangi iliyokubaliwa nchi moja ilikataliwa nchi ya pili. Wifi yangu anauza vitenge Kariakoo, hiyo alielewa haraka kuliko sisi sote.

Nje, pita taratibu kwenye makaburi yenye minara. Utaona mashimo ya duara kwenye chokaa. Hapo palipachikwa bakuli za kichina, sasa zimeondoka, na mashimo ndiyo yanayokuonesha ukubwa wake. Msikiti mkongwe unahesabiwa kuwa wa karne ya 13. Mimi ni mtu wa Tanga, nimekua nikipelekwa Tongoni, ambako makaburi yana mashimo yaleyale, na mpelelezi Mwingereza Richard Burton alipopita mwaka 1857 aliandika habari za kigae chenye maandishi ya Kiajemi. Magofu ya Tongoni ni mazuri pia, lakini Kaole unapata shimo na kipande cha chombo mahali pamoja, na kwa mtoto hiyo ni tofauti kubwa.

Mambo madogo: beba kitambulisho, kwa kuwa kiingilio cha raia ni kidogo kuliko cha wageni wa nje. Nenda asubuhi, jua la saa saba pale halina mzaha. Usiokote kigae chochote ufukweni, hata kama kimetupwa na maji. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda mabaki hayo.

Jioni mjini kijana mmoja alitufuata na kipande cha kijani. "Cha kale kabisa hiki mama, cha Mchina." Binti yangu akakipokea, akatazama kilipovunjika, akakigeuza. Chini kulikuwa na nusu ya chapa ya kiwanda, na alama ya kuruhusu chombo kiingie maikrowevu. Kijana akacheka kuliko sisi. "Basi chukueni kwa buku, mkaweke sabuni."

Tukamwachia.