Rimoti moja kwa TV na kisanduku: uzoefu wangu na Chromecast yenye Google TV

Meza ya sebuleni kwetu ilikuwa na rimoti tatu: ya TV, ya king'amuzi na ya Chromecast yenye Google TV, kile kisanduku kidogo cha Google kinachochomekwa kwenye TV ili kuangalia video za intaneti, toleo lililotoka mwaka 2020. Vitufe vya sauti vya ile ya TV vilishakufa, kwa hiyo mama akitaka kuongeza sauti ya taarifa ya habari alilazimika kuita mtu. Nilitaka rimoti moja ambayo ataishika na kuitumia bila kumwuliza yeyote.

Wengi wangekimbilia Kariakoo kununua zile rimoti zinazokubali TV za aina zote. Kwa TV zinafanya kazi vizuri. Lakini kabla ya kutoa pesa, jua kwanza kisanduku chako kinapokea nini. TV nyingi hupokea mwanga wa infraredi, ambao macho hayauoni. Chromecast hii huwasiliana na rimoti yake kwa Bluetooth, kwa hiyo rimoti ya mwanga peke yake haitaigusa, hata iwe na kodi (ishara za amri) za TV zote duniani. Kipimo ni rahisi: elekeza ncha ya rimoti kwenye kamera ya simu, hasa ya mbele, kisha bonyeza kitufe. Ukiona kitaa cha zambarau kinamweka kwenye kioo cha simu, rimoti hiyo inatoa mwanga.

Na hapo ndipo nilipoipenda rimoti ya Chromecast, kwa sababu ina vyote viwili: Bluetooth kwa kisanduku chake, mwanga kwa TV. Huhitaji kununua nyingine. Unaingia kwenye mipangilio, sehemu ya rimoti na vifaa vya ziada, unachagua kuweka vitufe. Itakuuliza TV yako ni ya kampuni gani, halafu itapiga muziki na kukutaka ubonyeze kitufe cha sauti. Sauti ikibadilika, unakubali. Isipobadilika, inakuletea kodi nyingine ujaribu. Kwangu kodi ya kwanza haikushika, iliyofuata ikashika. Kitufe cha kuwasha na cha kuchagua HDMI (tundu la TV linalopokea waya wa picha na sauti) vinawekwa kwa njia hiyo hiyo.

Msirukie hapo mkaisahau HDMI-CEC. Hiyo hupitisha amri ndani ya waya wa HDMI wenyewe: ukiwasha kisanduku, TV inaamka na kuhamia kwenye picha yake. Kwenye menyu ya TV huenda usilione jina hilo, maana Samsung huiita Anynet+, LG huiita Simplink, Sony huiita Bravia Sync. Iwashe kwenye TV na kwenye kisanduku pia. Mimi natumia CEC kuwasha na kuhamisha, sauti nimeiachia mwanga, kwa kuwa inaitika papo hapo.

Mwanga una masharti yake. Mtu akisimama mbele ya TV, sauti haipandi, ingawa menyu ya kisanduku inaendelea kukutii kama kawaida, kwa sababu Bluetooth haihitaji kuonana. Kitambaa cha mapambo kikining'inia mbele ya pokezi la TV, tatizo ni lile lile.

King'amuzi bado kina rimoti yake. Hii ya Chromecast haina vitufe vya namba, na mipangilio yake inahusu TV na vifaa vya sauti. Nyumba inayoangalia king'amuzi muda mwingi haitapata nafuu kubwa. Sisi tunatumia kisanduku zaidi, na mama sasa anawasha, anapandisha sauti na kufungua YouTube mwenyewe. Kitufe chake kipo pale pale kwenye rimoti.

Anayenunua leo ajue kwamba Google ilileta Google TV Streamer mwaka 2024 kuchukua nafasi ya Chromecast. Hiyo ina kitufe kwenye kisanduku chenyewe: ukikibonyeza, rimoti inalia popote ilipojificha. Kwa nyumba yenye watoto wadogo, ningeanzia hapo.