Uzoefu wangu: kufuli angavu la mazoezi na silinda ya diski ya Abloy Classic

Kwa mwenye haraka: kama mfuko unaruhusu kitu kimoja tu, nunua silinda (sehemu ya kufuli inayoingizwa ufunguo) ya Abloy Classic, kufuli la Kifini, iliyokwisha tumika, ije na ufunguo wake, uifungue mezani kwako. Seti ya kufuli la plastiki angavu na vijiti vyake inafaa kwa siku za mwanzo, kisha inaingia kabatini. Nimevitumia vyote viwili kwa muda wa kutosha. Naandika kwa sababu wengi wanaoanza burudani hii ya kufungua makufuli bila ufunguo huambiwa wanunue seti, wakaishia hapo, na hapo ndipo mambo yanapoanza kunoga.

Niianze hiyo seti. Zinatengenezwa kwa wingi China na kuuzwa mtandaoni kwa majina chungu nzima, kwa hiyo sitaji jina. Ndani kuna kufuli ambalo ganda lake unaliona hadi ndani, kibegi cha vijiti vyenye ncha za maumbo mbalimbali, na vipande vya chuma vilivyokunjwa vya kukazia silinda. Kwa kuonyesha kanuni, sina neno. Unaona pini zimekaa mbili mbili katika kila tundu, ya chini inagusa ufunguo na ya juu inasukumwa na springi. Ufunguo sahihi ukiingia, maungio ya kila jozi yanakaa sawasawa na ukingo wa silinda, na silinda inazunguka. Muundo huu ndio Linus Yale Mdogo wa Marekani aliousajili mwaka 1861 na kuuboresha mwaka 1865, akiwa ameuchukua kutoka wazo la makufuli ya mbao ya Misri ya kale. Makufuli mengi ya shaba yaliyotundikwa kwenye maduka yetu ya vifaa vya ujenzi yanafuata kanuni hiyo hiyo.

Shida ni kwamba plastiki inakufundisha kutazama. Kufuli la kweli linafunguliwa kwa vidole. Siri yote iko kwenye kasoro ndogo za utengenezaji: matundu ya pini hayawezi kutobolewa kwenye mstari mmoja ulionyooka kabisa, hivyo ukikaza silinda kidogo, pini moja ndiyo inayobanwa kwanza. Unaitafuta, unaiinua mpaka inakaa, silinda inasogea kiasi kidogo mno, halafu pini nyingine inabanwa. Katika kufuli langu la plastiki matundu yalikuwa yamelegea kiasi kwamba mbano huo hausikiki. Pini zinakaa zenyewe hata mkono ukiwa mzito. Ukihamia kufuli la shaba unajikuta hujui kitu. Vijiti navyo vilikuja na kingo kali za kiwandani zinazokwaruza ndani ya tundu. Nilivipiga msasa laini hadi vikateleza, na kwa kweli baada ya hapo kijiti kimoja chenye ncha ya ndoana kimenitosha kwa karibu kila kitu. Vile vingine vyote ni mapambo.

Kitu ambacho seti haina kabisa, na ambacho ningependa kila anayeanza akipate mapema, ni pini zenye kiuno, yaani zilizochongwa zikawa nyembamba katikati. Hizi huwekwa kwa makusudi. Ukizigusa kwa pupa, kiuno kinanaswa ukingoni, silinda inazunguka nyuzi chache, unashangilia, kisha inagoma. Hapo ndipo unatakiwa kulegeza mkono na kuiacha silinda irudi nyuma kidogo huku unaisukuma pini. Kuusikia ule mrejeo chini ya kidole ni raha ambayo sijui niieleze vipi kwa mtu asiyewahi kuipata.

Sasa Abloy. Nilinunua silinda peke yake, bila mwili wa kufuli, kutoka kwa muuzaji wa vitu vilivyotumika Ufini. Ufunguo wake ukiushika kwa mara ya kwanza unadhani ni wa mchezo: ni kipande cha chuma ambacho ukikitazama kwa mbele ni nusu duara, hakina meno ya msumeno kama funguo tulizozoea. Kimechongwa mikato ubavuni, kila mkato na pembe yake.

Aliyebuni ni Emil Henriksson, fundi wa Helsinki, mwaka 1907. Alikuwa akishughulika na mashine za kuhesabia fedha za dukani, na humo ndimo alimopata wazo la diski zinazozunguka. Ndani ya silinda hakuna pini hata moja. Kuna diski nyembamba za chuma zilizopangwa kwa safu, kati ya diski na diski kuna kibati cha kuzitenganisha, na kila diski ina pengo kwenye ukingo wake. Ubavuni mwa safu hiyo kimelala kipau cha chuma. Nusu ya kipau imezama kwenye silinda, nusu imejitokeza nje na kuingia kwenye mfereji wa ganda, kwa hiyo silinda haiwezi kuzunguka. Unapoingiza ufunguo na kuanza kuuzungusha, diski hazianzi safari pamoja. Pale ufunguo ulipokatwa zaidi, diski inachelewa kuguswa. Pale ulipokatwa kidogo, diski inaanza mapema. Ufunguo ukifika robo ya mzunguko, kila diski imezungushwa kwa kiasi chake na mapengo yote yamejipanga chini ya kipau. Kipau kinadumbukia humo, kinaliacha ganda, na silinda nzima inazunguka.

Nilipozitoa diski moja moja na kuzipanga juu ya kitambaa cheupe kwa mpangilio wake, nilikaa nikiuzungusha ufunguo ndani ya diski moja tu mkononi, nikitazama pengo linavyohama. Naapa hakuna video iliyonielewesha kama dakika hizo. Ningemshauri yeyote afanye hivyo kabla ya kugusa kijiti.

Tazama tena kilichokosekana humo: springi. Diski hazirudishwi na springi, zinarudishwa na ufunguo wenyewe unapouzungusha kinyume. Kwa Wafini maana yake ni kwamba baridi kali na barafu havina cha kukwamisha. Mimi naishi pwani, umbali wa kusikia mawimbi, na hapa kinachoua makufuli ni chumvi. Kufuli la pini linaanza kwa springi kuota kutu, pini inabaki imening'inia, ufunguo unaanza kubembelezwa, na mwisho mwenye nyumba anaita fundi mwenye msumeno. Silinda ya diski ikipakwa mafuta mepesi haina sehemu hiyo ya kufa kwanza. Nimeacha yangu dirishani msimu mzima wa kusi, na bado inazunguka laini kama ilivyofika.

Kuifungua bila ufunguo ni kazi ya aina nyingine kabisa. Vijiti vya kawaida havifai hata kidogo, kwa sababu hakuna cha kuinua. Unahitaji kifaa maalumu chenye sehemu mbili zilizo kwenye mhimili mmoja: moja inakaza silinda kupitia diski mojawapo, nyingine ina kincha kidogo kinachoingia na kuzungusha diski nyingine moja moja. Changu kilikuwa cha bei ya chini na ncha yake ilipinda mapema, hivyo nikampelekea fundi wa karakana ya jirani aniundie nyingine kwa chuma kigumu. Ya fundi inadumu. Unakaza, unatafuta diski iliyobanwa na kipau, unaizungusha taratibu mpaka mbano unaachia, unahamia inayofuata. Ugumu ni mapengo ya uongo: mikwaruzo mifupi iliyochongwa ukingoni mwa diski ili kipau kikae nusu na kukudanganya kwamba umefika. Pengo la kweli lina kina, na ukiitikisa diski unasikia inacheza kidogo tu pande zote mbili. Kutofautisha haya mawili kumenifundisha uvumilivu wa mkono kuliko kitu chochote kwenye ile seti.

Wapo watakaouliza kwa nini mtu mwenye akili timamu apoteze jioni zake hivi. Mwaka 1851, London, wakati wa Maonyesho Makuu, Mmarekani Alfred Charles Hobbs alifungua bila ufunguo kufuli la Bramah, watengenezaji wa Kiingereza, ambalo tangu mwaka 1790 lilikuwa na tangazo la zawadi ya gini 200 (sarafu za dhahabu za Uingereza) kwa atakayeliweza. Ilimchukua saa 51 za kazi zilizotawanywa katika siku 16. Alifanya hivyo kwa idhini ya wenye kufuli, na watengenezaji wakalazimika kuboresha kazi zao. Burudani hii naiona katika mwanga huo. Ukijua kufuli lako linashindwa wapi, hudanganywi na rangi ya dhahabu wala uzito wake mkononi.

Vikundi vya wapenzi wa mchezo huu, kama TOOOL kilichoanzia Uholanzi, vina kanuni mbili ambazo nami nazishika bila mjadala: usiguse kufuli lisilo lako bila ruhusa ya mwenyewe, na usifanyie mazoezi kufuli linalotumika, hata kama ni la mlango wako, maana likikwama umejifungia. Kwetu kuna la ziada. Kanuni za Adhabu za Kenya na Tanzania zinamtambua kama mkosaji mtu anayekutwa usiku na zana za kuvunjia nyumba bila sababu halali. Vijiti vyangu havitoki nyumbani, na majirani wanajua nafanya nini kwa sababu nimewaonyesha mezani. Watoto wa mtaani ndio wanafunzi wangu wazuri zaidi. Mmoja wao alielezea kazi ya kipau kwa ufasaha kunishinda.

Hukumu yangu kwa nyota: seti ya plastiki, mbili kati ya tano, na hizo mbili ni za kuonyesha kanuni. Silinda ya Abloy Classic, tano. Kifaa cha diski cha bei ya chini, moja. Afadhali umpe fundi mchoro.

Ukimwandikia muuzaji wa silinda iliyotumika, muulize mambo matatu kabla ya kulipa: kama ufunguo upo, kama ufunguo huo unaizungusha silinda kweli, na kama diski zote zimo. Omba picha ya mbele na ya nyuma. Bila ufunguo unaofanya kazi huwezi kuhakikisha umezirudisha diski kwa mpangilio wake baada ya kuzitoa.