Siku tano za baiskeli Podlasie, Poland: maoni ya fundi wa Igoma

Nianze na mabanda, maana ndiyo yaliyonifanya niipende njia ile kabla hata sijauona msitu.

Ukiwa kwenye Green Velo, njia ya baiskeli ya mashariki mwa Poland, kila baada ya mwendo unakuta banda la mbao. Lina paa, meza, mabenchi, vyuma vya kufungia baiskeli, ramani ubaoni na pipa la taka. Hakuna mlinzi wala kiingilio. Kwenye njia nzima yako zaidi ya 200, na njia yenyewe ina urefu wa kilomita zipatazo 2,000, inapita mikoa mitano, kuanzia Elbląg kule kaskazini hadi Końskie. Mimi nimeonja kipande kidogo tu, karibu kilomita 270 ndani ya mkoa wa Podlasie, na katika siku tano nimekaa kwenye mabanda kumi na moja. Niliyahesabu. Kijiwe changu cha ufundi kipo Igoma, Mwanza, kando ya barabara ya Musoma, na kwa miaka kumi na tisa nimewapokea watu wa baiskeli jinsi wanavyofika: wamelowa, koo limekauka, wanatafuta ukuta wa kuegemea. Aliyechora njia ile alishawahi kuchoka akiwa juu ya baiskeli. Nililiona hilo siku ya kwanza, na siku ya tano bado nilikuwa naliona.

Nilikwenda kwa sababu mdogo wangu anasoma Białystok, mji mkuu wa Podlasie. Alipomaliza mitihani mwezi Juni akaniambia, "Kaka, umetengeneza baiskeli za watu maisha yako yote. Njoo upande moja ufike mbali." Nikauza pikipiki, nikaomba viza, nikaenda.

Sasa malalamiko, niyatoe mapema yaishe. Baiskeli tulikodi kwenye duka moja la mjini ambalo silitaji, zloti 60 kwa siku kwa kila moja, kama shilingi elfu arobaini hivi. Fremu nzuri, gia laini. Lakini nilipoinyanyua yangu na kuzungusha gurudumu la nyuma, ringi ilikuwa inacheza. Nikapitisha vidole kwenye spoku, mbili zimelegea kabisa, zinatoa sauti ya kamba ya zeze isiyokazwa. Nikamwambia kijana wa dukani, mdogo wangu akitafsiri. Akajibu kwamba zimekaguliwa. Tyubu ya akiba hakuna, pampu tulinunua. Bahati yangu, spana ya spoku haitoki mfukoni mwangu, nimepanda nayo ndege hadi Ulaya. Nikazikaza hapohapo mlangoni, lakini spoku iliyokwisha kuchoka ukiikaza huirudishii ujana.

Siku ya kwanza tulikwenda Tykocin, mji mdogo wenye sinagogi la mwaka 1642. Kuta zake ndani zimeandikwa sala za Kiebrania kuanzia chini hadi juu, kama mtu aliyetaka kila anayeingia aweze kusoma hata akikosa kitabu. Leo ni makumbusho, kwa sababu waliokuwa wakisali humo hawapo. Agosti 1941 Wanazi waliwapeleka Wayahudi wa mji huo kwenye msitu wa Łopuchowo wakawapiga risasi. Tulitoka tukakokota baiskeli kwa muda, hakuna aliyetaka kupanda.

Siku ya pili ndiyo ninayowasimulia watu kila siku hapa kijiweni, na naomba mniruhusu niirefushe.

Mto Narew hauendi kama mito tunayoijua. Simiyu au Magogo ina kingo zake, na mto ukijaa unajaa hapo. Narew unajigawa. Unatoa matawi mengi, yanapotea kwenye matete, yanarudi kukutana mbele, kisha yanaachana tena. Wenyewe wanauita Amazon ya Poland, na tangu mwaka 1996 sehemu hiyo ni hifadhi ya taifa. Kati ya kijiji cha Waniewo na kijiji cha Śliwno wamepitisha daraja la mbao juu ya kinamasi, jembamba, watu wawili mkipishana mmoja ageuke upande. Unatembea, matete yamekupita kimo, vyura wanapiga kelele, halafu daraja linakatika. Mbele yako ni maji. Kwenye maji kuna jukwaa linaloelea, limefungwa mnyororo uliovutwa kutoka ng'ambo hadi ng'ambo. Hakuna injini wala nahodha. Unapandisha baiskeli, unashika mnyororo, unavuta.

Nilivuta mimi. Mnyororo ulikuwa wa baridi na una utelezi wa mwani, unatoka majini ukichuruzika hadi kwenye mikono ya shati. Mara ya kwanza jukwaa linakataa, kama ng'ombe anayevutwa kwenda josho, halafu linakubali na kuanza kuteleza lenyewe, na kazi yako inabaki kuliongoza tu. Mdogo wangu alishikilia baiskeli zote mbili. Ng'ambo tulikuta mama na watoto wawili wanasubiri. Tuliposhuka, mtoto mkubwa akaruka ndani kabla ya mama yake, akashika mnyororo kwa mikono miwili na kurudisha miguu nyuma. Anajua kazi. Tulikuta majukwaa mengine mbele, na kila moja ilikuwa vilevile.

Mimi ni mtoto wa Kigongo. Nimekua nikisubiri pantoni ya kwenda Busisi. Baba akienda Sengerema na baiskeli iliyobeba magunia, tunaweza kukaa foleni tangu asubuhi hadi jua liwe la utosi. Tangu Juni 2025 tuna daraja la kilomita 3, unavuka kwa dakika chache, na ninamshukuru Mungu kwa hilo kwa sababu nimeona wagonjwa wakisubiri pantoni ile. Sisemi tuirudie. Ninachosema ni kwamba pale Narew walikuwa na uwezo wa kujenga daraja kamili, wakaamua mvukaji aguse mto. Kwa msafiri wa baiskeli asiye na haraka, ile ndiyo huduma bora niliyowahi kupewa bila kumwona aliyenipa. Kuna nyakati hufungwa kwa matengenezo, kwa hiyo uliza kwanza, na jipake dawa ya mbu. Wa pale hawana adabu kuliko wa Ilemela.

Siku ya tatu spoku ikakatika.

Tulishapita Supraśl, tumeingia kwenye misitu ya misonobari kuelekea mpakani na Belarus. Tukatoka kwenye lami, tukashika barabara ya zamani iliyopangwa mawe ya mviringo, kila jiwe na kimo chake. Nikasikia "tik" nyuma yangu. Sauti ile naijua hata usingizini. Ringi ikaanza kugusa raba ya breki, kila mzunguko inakwaruza. Na mvua nayo ikaanza. Nikaikokota baiskeli hadi kwenye banda, nikaigeuza juu chini mezani, maji yanashuka pembeni mwa paa. Spoku ilikatikia kwenye shingo, upande wa gia, na upande huo huwezi kuweka mpya bila kufungua gia zote. Nilichofanya, na nakieleza kwa sababu kitakusaidia popote: niliizungushia spoku iliyokatika kwenye jirani yake isije ikaingia kwenye cheni, nikalegeza robo mzunguko spoku mbili za upande wa pili, nikakaza robo mbili za upande wake, nikazungusha na kutazama, nikarudia hadi ringi ikaacha kugusa. Nikaiachia breki ya nyuma kidogo. Dakika arobaini. Katikati ya kazi akaja mzee mmoja kwa baiskeli kuukuu ya chuma, akajikinga mvua nasi. Hakusema kitu. Alishika fremu isitikisike, akaishikilia mpaka mwisho, kisha akagonga ringi kwa kucha, akatikisa kichwa kwamba ni sawa. Nikamwambia "dziękuję", neno ambalo mdogo wangu alinifundisha siku nzima. Akacheka, akanishika bega, akaondoka. Gurudumu lile lilinifikisha hadi mwisho wa safari.

Jioni hiyo tukafika Kruszyniany, na hapa Waislamu wenzangu mnisikilize. Mwaka 1679 mfalme Jan III Sobieski aliwapa ardhi askari Watatari waliompigania, nao wakakaa, na wajukuu zao wapo hadi leo. Msikiti wao ni wa mbao mtupu, umepakwa rangi ya kijani, una minara miwili ya mbele yenye hilali, umezungukwa na miti. Ukiutazama kwa mbali unaweza kudhani ni kanisa la kijijini, maana waliujenga kwa mikono na mtindo wa seremala wa pale. Nikavua viatu. Sakafu ina mazulia, kuta zimetundikwa aya kwenye fremu, mbao zinanukia kama kabati la bibi. Nikamsalimu aliyekuwapo, "Assalamu alaikum," akaitikia, na kwa mara ya kwanza tangu nitue Poland nikazungumza na mtu bila mkalimani, ingawa maneno yetu yaliishia hapo. Niliswali. Nyuma ya msikiti, kilimani ndani ya miti, kuna makaburi yao, mawe ya zamani yameota kuvu, maandishi ya Kiarabu jirani na ya nchi nyingine. Usiku tulikula pierekaczewnik, unga uliokandwa ukatandazwa mwembamba kama chapati ya maji, tabaka juu ya tabaka, na nyama katikati, ukakunjwa kama konokono na kuokwa. Kipande kimoja kinamtosha mtu aliyeendesha siku nzima. Magharibi Juni inaingia karibu na saa tatu usiku, kwa hiyo ukisafiri na ratiba ya swala jipange upya.

Siku ya nne ilikuwa ya vijiji: Puchły, Trześcianka, Soce. Nyumba za mbao, madirisha yamezungushiwa nakshi za kuchonga zilizopakwa rangi, kanisa la Kiorthodoksi la bluu huku, la kijani kule. Pazuri, na panapigwa picha sana, ila mimi kilichonisimamisha ni ndege, korongo. Karibu kila kijiji kina nguzo yenye kiota kikubwa juu, korongo mweupe amesimama kwa mguu mmoja, vifaranga wanachungulia. Ni haohao. Wale tunaowaona Magu na Serengeti mvua zikinyesha, wanafuata panzi mashambani, Novemba hadi Machi. Kumbe kwao ni huku, au kwao ni kwetu na huku wanakuja kuzaa tu. Bibi mmoja alikuwa anapalilia chini ya nguzo. Nikamwomba mdogo wangu amweleze kwamba ndege wake wanapita nyumbani kwangu. Akaacha jembe, akamtazama korongo, akanitazama mimi, akauliza: wanakula vizuri huko? Nikamwambia wanakula vizuri.

Białowieża nitaisema kwa ufupi, kwa sababu sehemu yake ya ndani kabisa huruhusiwi na baiskeli. Unaingia kwa miguu na mwongozaji mwenye leseni, nasi hatukuwa na muda. Tulizunguka pembeni. Mialoni minene, mingine imeanguka na imeachwa ioze ilipo, juu yake miche mingine inaota. Msitu huo uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1979. Nyati wao, żubr, aliuawa wa mwisho porini humo mwaka 1919, wakamzalisha upya kutokana na waliobaki kwenye mabustani ya wanyama, na mwaka 1952 wakaanza kuwaachia tena. Tuliona nyayo kwenye tope, pana kama sahani, na kinyesi kibichi. Mnyama mwenyewe hatukumwona. Nilisimama juu ya nyayo ile muda mrefu.

Anayetaka kwenda ajue haya. Sehemu kubwa ya njia si ya baiskeli peke yake, ni barabara za kawaida zenye magari machache, kwa hiyo vaa nguo inayoonekana. Beba pasipoti mkononi ukiwa karibu na mpaka, askari walituuliza mara mbili, kwa heshima. Kila jioni jikague kupe, nyuma ya magoti na kwapani, maana wa Podlasie wanaambukiza magonjwa mabaya. Treni zinapakia baiskeli kwa tiketi yake. Na popote utakapokodi, zungusha gurudumu la nyuma kabla hujalipa.

Duka lile sirudi tena. Mdogo wangu amenunua yake ya mtumba, ya chuma, gia tatu. Usiku wa mwisho kabla ya ndege niliivunja yote sakafuni kwake, nikapaka grisi, nikanyoosha ringi zote mbili, nikamwachia na ile spana. Jumapili iliyopita alinitumia picha: yuko kwenye jukwaa la Narew peke yake, baiskeli imeegemea reli, mikono yake iko kwenye mnyororo.