Gemu za neno la siri: mi nakagua maneno kwanza, boksi baadaye

Watu wakiulizia hizi gemu za kumsaka muongo mezani maswali huwa ni yaleyale, mnacheza watu wangapi, inachukua muda gani, kadi ni ngumu au zinakunjika. Maswali ya maana hayo, ila kwa zile zenye neno la siri mi naona yote yanakuja baadaye, kwa sababu ukitoa kadi na dadu na yale maelezo ya sheria ambayo unayamaliza kabla watu hawajakaa vizuri, kinachobaki ndani ya boksi ni listi ya maneno. Hiyo ndo unayolipia. Listi ikiwa mbovu gemu inakufa hata kama michoro inang'aa, na ikiwa nzuri hata vikaratasi vya kuchana kwenye daftari vinatosha. Kwahiyo rivyu hii inaangalia hicho kimoja tu, maneno, mengine nitayagusa nikipita.

Historia kidogo, fupi. Ukoo huu unaanzia kwenye Mafia, aliyoibuni Dimitry Davidoff kule Moscow mwaka 1986, na ile haina neno lolote, kuna usiku kuna mchana, mtu anauawa, mnaanza kushutumiana. Shida yake kila aliyeicheza anaijua, siku ya kwanza hamna ushahidi wa aina yoyote, mtu anatolewa kwa sababu kacheka au kakaa kimya sana, halafu aliyetolewa anabaki kuchezea simu hadi wenzake wamalize. Neno la siri linatibu hiyo ya kwanza, maana sasa kila mtu lazima atoe kitu kinachopimika, sio sura tu. (Hiyo ya pili inategemea na gemu.)

Naanza na The Chameleon ya Big Potato Games, ya mwaka 2017. Katikati ya meza kuna kadi ya mada yenye maneno 16 na wote wanayaona, hadi kinyonga mwenyewe, yaani yule muongo anayesakwa. Dadu mbili zinarushwa, kila mmoja anachungulia kadi yake ya msimbo, ile inayogeuza namba za dadu kuwa neno, ajue lipi kati ya yale 16 ndo lenyewe, isipokuwa mmoja ambaye kadi yake inamwambia tu wewe ndo kinyonga. Mnazunguka, kila mtu neno moja la kudokeza, mnabishana, mnanyoosha kidole. Utamu uko hapa: kinyonga akikamatwa bado anapewa nafasi ya kubahatisha neno, na akipatia kawaibia ushindi. Bila hiyo sheria wote mngeongea wazi wazi na mambo yangeisha raundi ya kwanza. Kila dokezo linasikilizwa mara mbili, na wenzako wanaotaka uthibitisho kwamba unajua, na kinyonga ambaye muda huo anafanya hesabu kimoyomoyo.

Hebu tuifanye na sisi hiyo hesabu. Maneno 16. Dokezo la kwanza likikata nusu yanabaki 8, la pili 4, la tatu 2, la nne limebaki moja, yaani watu wanne tu wakitoa madokezo ya akili yanayopishana, kinyonga keshapata jibu wala hahitaji bahati. Ndo maana mada nzuri ni ile inayokuruhusu useme kitu kipya bila kukata upya, dokezo lako liangukie palepale alipoangukia mwenzako. Mada ya kazi iko hivyo, daktari, rubani, polisi, nesi, zimamoto, mlinzi, ukisema "sare" umewagusa karibu wote, mwingine akisema "zamu" bado mko mulemule, wa tatu akisema "dharura" imebana ila haijaua. Mada ya wanyama sasa ndo balaa, "shingo" ni twiga, "mkonga" ni tembo, "milia" ni pundamilia, kila mmoja ana alama yake na hamna pa kujificha, mnabaki kusema "miguu" na "macho" na kila mtu anaonekana muongo. Na ajabu, wanyama ndo mada ya kwanza kabisa inayomjia mtu kichwani akiambiwa atunge listi.

Sasa kuna jambo ambalo hakuna boksi litakuonya, ngeli. Tukicheza kwa Kiswahili dokezo likiwa na sifa tu umeshajiuza. Sema "kirefu" na kinyonga anafuta kila kitu kisicho cha ki-vi, sema "ndefu" anafuta upande mwingine, na hamna anayefanya makusudi, mdomo unapatanisha wenyewe kabla ubongo haujafika. Nimeona raundi nzuri kabisa ikifa kwa herufi moja. Dawa zipo mbili, ya kwanza mkubaliane kabisa madokezo yawe nomino au kitenzi cha ku- peke yake, "urefu", "kupanda", "kuogopa", hivi havibebi ngeli ya neno lililofichwa, na ya pili kila mtu aanze na "kitu", kitu chenye miguu minne, kitu kinachochosha, hapo upatanisho unalifuata hilo "kitu" na siri inabaki salama. Mi niko na ya kwanza. Ya pili watu wanaisahau wakishaanza kupaniki.

Spyfall ya Alexander Ushan, 2014, yenyewe haina shida hiyo, na ndo maana kwa Kiswahili inateleza kuliko zote. Siri yake ni mahali. Maeneo 30, raundi ya dakika 8, wote mnajua mko wapi isipokuwa jasusi, mnaulizana maswali mmoja kwa mmoja na huruhusiwi kumrudishia palepale yule aliyekuuliza. Jasusi anaweza kusimamisha muda wowote akataja ni wapi. Mahali ni mahali, wote mtasema "hapa panafungwa saa ngapi", "hapa watu wanavaaje", na benki na ufukwe vinasikika sawasawa. Mtego umebaki mmoja nao ni mtamu, hapa na humu. Mtu akijisahau akasema "humu mna joto" jasusi keshafuta ufukwe na kila sehemu ya wazi, kwa silabi mbili tu. Wajanja wanaitumia kinyume, jasusi anasema "humu" kwa kujiamini akiwa hajui lolote na akibahatika mko ndani kila mtu anamwamini.

Kwenye maeneo yenyewe kuna mapacha wazuri, nyambizi na kituo cha anga za juu kote hutoki nje ovyo na hewa ni ya kuhesabu, halafu kituo cha utafiti cha ncha ya dunia kinaingia katikati yao kwa ule upweke na baridi. Hapo unaweza kujibu maswali matatu mazima bila kusema uongo wala kusema kitu. Ila kuna pia kasino, kuna jeshi la vita vya msalaba, sehemu ambazo mtu mezani anaweza kuwa hana picha yoyote ya ndani yake. Na hapa ndo kwenye kipimo ninachokiweka juu ya vyote, neno lijulikane sawasawa na kila aliyekaa mezani. Asiyejua neno anafanana na muongo kwa kila kitu, anasita, anasema kitu cha juujuu, anarudia cha mwenzake, na mnamtoa akiwa hana hatia huku muongo wa kweli anacheka. Maneno ya mpira kwenye meza ambayo wawili hawaangalii mpira, majina ya waigizaji kwenye meza yenye watu wa rika tofauti, maneno ya kompyuta, yote hayo unakuwa hupimi nani anadanganya, unapima nani anajua nini. Listi ikijaa maneno ya hivyo mi naishusha nyota mbili bila huruma.

Haya, Undercover. Hii ni programu ya simu, mnapokezana simu moja, raia wote wanapata neno moja, undercover anapata neno linalokaribiana nalo, na Mr. White hapati kitu kabisa, anakaa tu anatabasamu. Kinachoitofautisha na hizo nyingine ni kwamba ukishaona neno lako hujui wewe ni raia au undercover, unaanza raundi ukijiamini, watu wawili wanaongea, unaanza kuhisi kama vile wewe ndo uliyepotea njia, na kuanzia hapo inabidi useme kitu kinachokaa kote kote. Mr. White akitolewa anaruhusiwa kubahatisha neno la raia, ileile breki ya kinyonga.

Jozi ndo kila kitu hapo, na kutunga jozi ni kazi kuliko watu wanavyodhani. Kochi na sofa sio jozi, ni kitu kimoja kina majina mawili, mtazunguka hadi asubuhi. Paka na treni, mtu kafa kabla simu haijazimika taa. Unachotaka ni vitu viwili vinavyofanya kazi moja kwa njia tofauti, au vinavyoleta hisia moja kutoka sehemu tofauti. Ngazi na lifti naipenda sana, zote zinakupeleka juu, zote unapishana na watu, zote zinachukiwa zikiwa na shida, tofauti iko kwenye jasho na umeme na mtu anaweza kwenda raundi mbili kabla hajaumbuka. Saa na kalenda. Daktari na mwalimu. Ndoto na sinema hii ni ya wabishi, "gizani", "kulia", "kuisha ghafla", yote yanakaa pande zote mbili, hadi mtu aseme "tiketi" ndo meza nzima inanyamaza.

Na ngeli inarudi tena, kwa ukali zaidi. Mlango na dirisha kwa maana ni jozi nzuri sana, mpaka mtu aseme "linafunguliwa" na wenzake wote walishasema "unafunguliwa", kwisha. Mshumaa na taa hivyohivyo, ziwa na bahari hivyohivyo. Ukiangalia jozi nilizotaja juu, ngazi na lifti, saa na kalenda, ndoto na sinema, zote zinapatana kwa "i", sikuziokota tu. Watu na wanyama ndo salama kabisa kwa sababu wote wanachukua "a", kwahiyo wale wanyama niliowafukuza kwenye The Chameleon huku karibuni sana, mbwa mwitu na fisi, popo na bundi, mchwa na siafu.

Kipimo changu cha jozi kabla haijaingia kwenye listi: natafuta madokezo matatu yanayofaa pande zote na mawili yanayofaa upande mmoja tu. Nikikosa yale matatu zimeachana mno, nikikosa yale mawili zimebanana mno. Ikipita hapo naisoma kwa sauti na kitenzi nione kama kiambishi kinabadilika. Basi.

Kuna programu moja ya aina hii, siitaji, inajisifu ina Kiswahili na ukiifungua unaona wazi mashine ndo imetafsiri na hamna binadamu aliyepitia. Badala ya neno unapewa maelezo, kitu kama "mashine ya kupulizia majani yaliyoanguka", sasa hapo utadokeza nini wakati neno lenyewe limeshajidokeza lote. Bora kucheza na maneno yako.

Insider ya Oink Games (2016) na Werewords (2017) naziweka pamoja kwa haraka, zote ni za kubahatisha neno kwa maswali ya ndio na hapana huku mezani kuna mtu anayelijua na anawasukuma kichinichini. Hizi zinataka maneno tofauti kabisa, vitu vinavyoshikika vyenye jibu moja, ukiweka "uhuru" au "wivu" mjibu maswali anabaki kusema inategemea, inategemea, na muda unaisha. Werewords ina programu yake inayochagua neno kwa ugumu mnaoutaka na meya, ndo mjibu maswali wa humo, anaonyesha majibu kwa vibao bila kutoa sauti, hiyo nimeipenda. Insider yenyewe naona inachoka haraka, mkishazoeana anayeuliza swali zuri kuliko kawaida yake ndo huyohuyo.

Nyota basi. The Chameleon 4, kwa kundi jipya ndo pa kuanzia, kwa sababu maneno yote yako mezani na hata asiye mwepesi wa kuongea anapata pa kushika, ila badilisha mada mbovu na zako mapema. Spyfall 4, kwa waongeaji tu, kundi la wakimya dakika 8 zinakuwa ndefu kweli. Undercover 5 mkiwa na jozi zenu zilizochujwa, na 3 mkizichukua zilivyo kwenye listi yoyote ya kutafsiriwa. Werewords 3 na nusu, Insider 3. Na mkiamua kutunga wenyewe, kila mtu aandike jozi mbili kwenye kikaratasi, akunje, zichanganywe, halafu anayeendesha raundi akivuta ya kwake airudishe avute nyingine.