Gitaa langu la laki mbili na thelathini: niliuze, nilichonge au nikae nalo?

Nianze na jina la gitaa lenyewe, silitaji, na hata nikilitaja halitakusaidia, maana yule kaka aliyeniuzia pale Kariakoo 2014 mwenyewe alikuwa anasema tu "hii ni Strati", ukimuuliza Strati ya nani anakujibu "Strati bro, si unaona shepu". Na kweli shepu ni yenyewe, mapembe mawili, pikapu tatu (zile sumaku zenye koili za waya zinazonasa sauti ya nyuzi), swichi ya hatua tano ya kuchagua pikapu, yani kopi ya Stratocaster ambayo kampuni ya Fender ya Marekani waliitoa 1954 na mpaka leo watu hawajaacha kuikopi. Nililipa 230,000 nikapewa na begi la kitambaa chepesi na mkanda uliokatika wiki ya tatu. (Wasiopiga gitaa mnisamehe, humu nitataja nati na pikapu na hakuna hata moja ya gari.)

Mimi ni mtu wa ridhimu. Kanisani Jumapili, na kwenye bendi yetu ya sendoff na harusi pale tunapoitwa, solo napiga siku mwenye solo amekwama kwenye foleni. Kwa hiyo hii sio rivyuu ya mtu anayeshinda ndani kwake na ampu ndogo anajirekodi, gitaa hili limepanda bodaboda, limelala kwenye stoo ya ukumbi, na siku moja limemwagiwa soda na bibi harusi mwenyewe na ukweli ni kwamba huwezi kumsema bibi harusi siku yake.

Mwaka huu nikalichoka. Mngurumo kwanza, ukiliwasha tu "mmmmm", watu wa saundi wananiangalia mimi kabla hata sijagusa uzi. Halafu halikai na tyuni, hasa uzi wa tatu, nautyuni vizuri, nauvuta mara moja, nasikia "tik" pale juu kichwani, basi umeshatoka. Na nyuzi ziko juu mno ukienda freti za mbele (freti ni vile vichuma vya kwenye shingo), ukishika bari ya freti ya kwanza, yani kidole kimoja kubana nyuzi zote, kidole cha shahada kinauma kama umebana mlango. Miaka kumi nimelia na hiyo freti ya kwanza nikidhani ni udhaifu wa vidole vyangu.

Nikaamua kuuza. Kuna dogo anapiga kanisa jingine aliniambia ana 180,000 taslimu, akaja akalishika, akapiga kidogo, akasema "kaka mbona gumu hivi", akashuka mpaka 150,000. Nikamwambia acha nifikirie. Usiku ule nikapiga hesabu, nikiuza kwa 150,000 nitaongeza kiasi gani ndo nipate lingine? Niliulizia mjini, kopi mpya ya daraja hilohilo inaanzia 350,000, na Squier, ambayo ni ya Fender wenyewe ya bei ya chini, bei zake mi bado zinanikimbia. Yani ningeuza tatizo langu kwa 150,000 halafu ninunue tatizo jipya ambalo hata silijui kwa 350,000.

Basi nikahamia wazo la pili, kulibadilisha. Hapa ndo nilipofanya ujinga. Jamaa mmoja alikuwa anauza hambaka ya kukaa kwenye bridji, pale nyuzi zinapokalia mwilini, 90,000, nikanunua bila hata kupima. Kama hujui, pikapu za kawaida za Strati ni koili moja, na koili moja ni kama antena, inanasa kila mngurumo wa umeme ulio karibu, huu wetu wa hezi 50, taa za tyubu, chaja za simu, dima za ukumbi. Hambaka ina koili mbili zilizosukwa kinyume na sumaku zake zimegeuzwa, kwa hiyo sauti ya uzi inajumlishana na mngurumo unafutana. Jamaa wa Gibson, kampuni nyingine ya magitaa, anaitwa Seth Lover ndo aliwatengenezea ya kwao, 1955 huko. Kwenye karatasi ilikuwa dawa yangu kabisa.

Nimefika nyumbani nimefungua ile plastiki nyeupe ya mbele, nikakuta mambo mawili. La kwanza, mwili wote ni mbao za tabaka, plaiwudi, unaona mistari kama keki. La pili, tundu la bridji ni la koili moja, hambaka yangu ni pana mara mbili, ili iingie inabidi nichonge mbao na nikate na plastiki. Kuna hambaka nyembamba za saizi ya koili moja, sasa hivi ndo nazijua, wakati nanunua sikuzijua.

Halafu nikiwa nimeshafungua nikasema si bora nizibe mngurumo mwenyewe, nikachukua foili ya jikoni ile ya kufungia chakula, nikaipaka gundi nikatandika ndani mashimo yote. Jumapili nimefika kanisani, nimechomeka jeki, kimya. Kimya kabisa, hata mngurumo wenyewe hakuna, kwa sekunde mbili nikafurahi. Kumbe foili ilikuwa inagusa ile ncha ya jeki inayobeba sauti, kila kitu kinaishia kwenye ethi. Ibada nzima nimepiga kayamba.

Jumatatu nikalipeleka kwa fundi, mzee mmoja wa Mwananyamala ambaye kazi yake hasa ni spika na ampu ila magitaa anayajua kuliko wanaojiita mafundi wa magitaa. Nimemkuta kajikunyata juu ya redio ya mtu. "Shikamoo mzee." "Marahaba, lete nione." Nikamweleza yote, hambaka, foili, dogo na 150,000 yake. Hakusema neno, akakaza macho kwenye nati, kile kipande cheupe ambapo nyuzi zinatoka shingoni kuingia kichwani, akachukua uzi wa tatu akauinua na kucha akauachia, "tik". Akasema, "Kijana wangu, pikapu haina kosa, hii plastiki ndo inakuua." Ile nati ilikuwa plastiki laini, njia za nyuzi hazikuchimbwa vya kutosha, kwa hiyo nyuzi zimekaa juu, ndo maana bari ya freti ya kwanza ilikuwa inaniua, na njia yenyewe ni nyembamba kuliko uzi, kwa hiyo ukiuvuta unakwama haurudi, ndo ile tik.

Alichonichongea ni nati ya mfupa. Mfupa wa mguu wa ng'ombe, ule ule wa supu, anao kwenye kopo amechemsha akakausha, vipande vimekuwa vyeupe kama meno. Nilikaa nikamuangalia. Anakata na msumeno wa chuma, anasaga kwenye msasa uliolazwa juu ya kioo ili upande wa chini uwe sawa, kile kivumbi kinanuka kama kwa daktari wa meno, halafu njia za nyuzi anachimba na tupa nyembamba, na zile nyuzi nene tatu anamalizia na vipande vya nyuzi kuukuu, anauvuta uzi mbele na nyuma kama anapiga mswaki. Kila akichimba kidogo anaweka uzi, anabonyeza freti ya tatu, anachungulia nafasi iliyobaki juu ya freti ya kwanza, akiona bado anarudi. Ya mwisho akapaka unga wa penseli humo kwenye njia ili uzi uteleze.

Nyuma kule kwenye springi za tremolo, ule mtambo wa kutikisia bridji noti iyumbe, akabana kipande cha mninga ili bridji isitembee kabisa, maana aliniuliza "mkono wa tremolo unautumia?" nikamwambia nilishaupoteza tangu 2015. Akazungusha kile chuma kilichomo ndani ya shingo robo mzunguko tu, shingo ilikuwa imejikunja mbele, akashusha na vile vikalio vya nyuzi kwenye bridji, akapima freti ya 12 uzi mmoja mmoja, ukibonyeza pale na ukigusa tu juu yake pasipo kubonyeza, noti zilingane. Foili yangu hakuitoa, aliipunguza pale kwenye jeki, na kwa sababu alumini haishiki risasi ya kuchomelea akaifunga waya wa ethi kwa skrubu na washa. Akacheka akasema ni ya chipsi nini. Jumla yote 45,000, mfupa 25,000 na mengine 20,000. Lawama yangu moja tu, alisema siku mbili ikawa siku nne, na harusi ya Jumamosi nikaazima gitaa.

Sasa mngurumo. Hapa ndo nilijisikia mjinga kweli, maana wakati najaribu kwake nikasema mzee mbona bado kananguruma, akaniambia weka swichi hatua ya pili. Nikaweka. Mngurumo ukaisha, sio kupungua, ukaisha. Rudisha ya kwanza, "mmmmm". Ya nne, kimya tena. Kumbe pikapu ya katikati ya hili gitaa imesukwa kinyume na zile mbili na sumaku yake imegeuzwa, kwa hiyo ukiiunganisha na ya bridji au ya shingoni, zinakuwa hambaka. Miaka yote nimeganda hatua ya kwanza, pikapu ya bridji peke yake, kwa sababu ndo inayopiga kelele zaidi, na dawa nilikuwa nayo chini ya kidole. Sio kopi zote ziko hivo, nyingine pikapu zote tatu ni sawa, kwa hiyo kabla hujanunua chomeka kwenye ampu, tembeza swichi, usikilize hatua ya pili na ya nne. Ni jaribio la sekunde kumi.

Na sauti ya hizo hatua mbili, jamani, ndo sauti yenyewe. Nyembamba, kama ina maji, inakata katikati ya besi na kinanda bila kupiga kelele. Zamani Strati zilikuwa na swichi ya hatua tatu tu, wapigaji wakawa wanaikwamisha katikati ili waipate hiyo sauti, mpaka Fender wakaweka swichi ya hatua tano 1977. Kwa sebene, kwa dansi, kwa ridhimu ya kanisani, hutaki zaidi ya hapo. Hambaka ingenipa unene ambao mwenye besi wetu angenichukia.

Foili nayo nisiisifie sana. Imeua zile "zzzz" za juu zinazotoka kwenye taa, ila mngurumo wa chini wa hatua ya kwanza, ya tatu na ya tano upo palepale, huo hauzibwi na foili, unapenya. Ukigeuka kidogo na gitaa unapungua, kwa hiyo pale kanisani nimeshaijua nafasi yangu, nikiangalia kwa mchungaji linanguruma, nikiangalia dirishani linatulia. Na ile plaiwudi haijageuka kuwa mti wa maana, noti za juu zinakufa haraka, ukitaka kupiga solo ya kuvuta noti moja mpaka watu walie, hili sio gitaa lako. Funguo za kutyunia zina uchezi kidogo. Rangi karibu na jeki imepasuka. Nyuzi kwa joto hili la Dar na jasho langu zinaota kutu wiki ya tatu, ila hapo simlaumu mtu.

Dogo alirudi. Amelishika, akapiga bari ya freti ya kwanza, akaniangalia, akasema "kaka ulinificha hili lingine?" nikamwambia ni lilelile. Akapandisha mwenyewe mpaka 220,000. Hapo nikapiga hesabu upya, nimeweka 45,000, limepanda 70,000. Ningeweka ile hambaka nikachonga na mbao, ningetumia 90,000 na pesa ya fundi juu, na mnunuzi angeona tundu limechongwa na mkono akashuka tena, maana watu wengi wakiona kopi imechongwa wanajua kuna mtu alikuwa anahangaika. Kama unauza, pesa weka kwenye nati na kurekebisha nyuzi, kwa sababu mnunuzi anajaribu na vidole, hafungui skrubu aone pikapu.

Sikumuuzia. 220,000 haininunulii gitaa ambalo nyuzi zinalala chini vizuri hivi freti ya kwanza, ningeanza tena kwa mzee na kopo la mifupa. Nimemwambia nikipata Squier ya bei ya kueleweka nitamtafuta yeye kwanza, na hiyo nayo nitaipitisha Mwananyamala kabla sijaipeleka kanisani.

Hambaka bado iko kwenye boksi lake na skrubu zake na springi zake, haijachomwa hata waya mmoja. Mwenye 70,000 anaichukua, ila pima kwanza tundu lako.