Mashine ya presha niliyomnunulia dogo kabla hajaenda China

Mdogo wangu alipopata chuo Harbin, mji wa kaskazini mashariki mwa China, mi nilichowaza kwanza ni presha, kwetu ipo kwenye ukoo na baba imemsumbua miaka mingi, nikaenda zangu Kariakoo nikachukua mashine mbili, moja ya kuvaa kama saa na moja ya kufunga mkono juu ya kiwiko, hii ya pili ilinitoka 75,000.

Ile ya kama saa siishauri kabisa. Mkono ukishuka kidogo tu chini ya usawa wa moyo namba inapanda, siku moja ilinipa namba ya juu 141 halafu baada ya dakika kumi 118, nimekaa palepale kwenye kochi! Ya kufunga juu ndo akaondoka nayo.

Hapa Dar alikuwa anacheza kwenye 112 kwa 70, mapigo 68. Kule wiki za mwanzo akawa ananionyesha kwenye WeChat, namba ya juu 126, 129, mapigo 88, nikashtuka sana, lakini ukimuuliza, saa zimeenda mbele tano usingizi hajapata, kutwa tambi za pakiti zile zenye chumvi balaa, na mitihani ya Kichina juu. Ilipofika Desemba nje inashuka chini ya hasi 20, na baridi inafanya mishipa midogo ya ngozini isinyae ili mwili usipoteze joto, sasa damu inapita kwenye njia nyembamba, presha lazima ipande. Kumbe alikuwa anatoka nje anaingia chumbani anapima hapohapo na koti halijavuliwa! Nikamwambia mdogo wangu kaa dakika tano kwanza, mgongo uegemee, miguu chini, mkono juu ya meza, usiongee, pima mara mbili. Akanijibu "sawa dada" na toka siku hiyo namba zikatulia, akapunguza na zile tambi, akawa anatembea kwenda darasani. Mwezi wa tatu mapigo yalikuwa yamerudi 72.

Mashine yenyewe namba zake kubwa zinasomeka hata kwenye video, inatunza vipimo vya nyuma, betri za kawaida nne. Kinachoniuma ni mkanda, ule unaofungwa mkononi. Muuzaji aliniambia unamfaa kila mtu, nikarudi kumchukulia mama nyingine kama ile, kufika nyumbani mkanda umeandikwa sentimita 22 mpaka 32 na mkono wa mama ni 36, na mkanda ukibana unaonyesha presha kubwa kuliko iliyopo, mama wa watu alilala na hofu siku mbili bure. Kurudi dukani wakagoma kubadilisha, mkanda mkubwa nikauziwa 25,000 peke yake.

Kwa hiyo nenda na futi ya fundi cherehani, mpime mtu katikati ya bega na kiwiko kabla hujatoa hela. Nyota nne, ya tano nimeikata kwa ajili ya mama.