TAHADHARI: Fleti hewa za likizo ya theluji, La Plagne (Ufaransa) na milima ya jirani

Ndugu zangu mlioko Uingereza, hasa wenye watoto wanaofunga shule Februari, someni hii kabla hamjatuma hela. Tangazo lililotutia hasara mwaka jana nimeliona tena juzi. Jina la mwenye nyumba limebadilika, na mahali pia: sisi tuliambiwa La Plagne, safari hii ni Les Menuires, pengine pa kutelezea theluji huko huko Ufaransa. Picha ni zile zile. Kitambaa cha mezani cha miraba myekundu, na kile kigari cha mbao cha kutelezea mtoto kilichoegemezwa ukutani barazani.

Tulikuwa watu kumi, familia tatu, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuvaa skii, zile mbao za kutelezea thelujini, mguuni. Fleti ya vyumba vitatu, Jumamosi hadi Jumamosi, yuro 1,600. Wiki hizo shule za Ufaransa zinafungwa kanda kwa kanda, za Uingereza nazo zimefungwa, na nyumba za ukubwa huo tulizoziona kwingine zilikuwa mara mbili ya hapo. Rahisi huvunja upishi, methali tunaijua wote, ila kila mmoja alimngoja mwenzake aitamke.

Jamaa alijibu haraka, kwa adabu, akatutoa kwenye ukurasa wa matangazo akatuhamishia WhatsApp. Kwanza akaomba nusu. Siku mbili baadaye akasema tukimalizia yote mapema atatupa mashuka na taulo bure. Kisha ikaja dhamana ya yuro 400, "itarudi siku mnayoondoka". Jumla yuro 2,000. Mkataba alituma, una muhuri na nakala ya kitambulisho. Jina la akaunti halikuwa lake. Akasema ni la mke wake. Namba ya akaunti ilianza na LT, yaani Lithuania. Ya Ufaransa huanza na FR. Herufi mbili tu, na sisi watu wazima sita hatukuuliza.

Lakini kilichotumaliza hasa ni kutojua mahali. La Plagne si mji mmoja. Ni vijiji 11 vilivyotawanyika mlimani: Plagne Centre, Belle Plagne, Bellecôte, Plagne 1800, Montchavin, Montalbert na vinginevyo. Champagny-en-Vanoise ndiyo kabisa, iko upande wa pili wa mlima. Kwa gari kutoka Aime, mji wa bondeni chini ya La Plagne, unashuka hadi mji wa Moûtiers ndipo upande bonde jingine. Sasa huyu bwana alituambia fleti iko Belle Plagne, "dakika kumi kwa miguu kutoka stesheni ya treni". Tukaangalia, kweli stesheni ipo na inaitwa Aime-La Plagne. Tukaridhika. Stesheni hiyo iko bondeni, kimo cha mita 700 hivi. Belle Plagne iko mita 2,050. Katikati ni barabara ya kona juu ya kona, na dakika zake kumi hata mbuzi hazimtoshi.

Na kwenye mkataba kijiji kiliandikwa Plagne Centre. Hilo tulikuja kuligundua tukiwa ndani ya basi, mkataba mkononi, watoto wanatapika.

Jengo alilolitaja lipo kweli. Dada wa mapokezi akatafuta jina letu, hakuna. Akatuonyesha kwamba fleti ya namba ile ina wageni wake, tena walishaingia tangu mchana. Alitusikitikia, ila hakushangaa. Sisi tuliokulia Dar tunajua habari ya kiwanja kimoja kuuzwa kwa watu watatu. Sikutegemea kuikuta kwenye theluji. Usiku ule tulirudi bondeni, tukalala watu kumi kwenye vyumba viwili vya hoteli kwa bei ambayo siiandiki hapa, maana shemeji yangu anasoma.

Kuhusu hela: benki ilitujibu kwamba ile kanuni ya Uingereza ya kuwarudishia waliotapeliwa, iliyoanza tarehe 7 Oktoba 2024, inahusu malipo ya ndani ya nchi. Ukituma nje, haikuhusu. Tungelipa kwa kadi ya mkopo moja kwa moja kwa kampuni ya kukodisha, sheria ya Uingereza ya mwaka 1974 inaibana benki iliyotoa kadi pamoja na muuzaji kwa kitu cha zaidi ya pauni 100 hadi pauni 30,000. Anayekataa kadi na kung'ang'ania akaunti ya mke wake, muacheni na mke wake.

Kabla ya kulipa, mwulize kijiji gani, jengo gani, fleti namba ngapi. Halafu tafuta mwenyewe namba ya simu ya mapokezi ya jengo au ya ofisi ya utalii, usiitumie aliyokupa yeye, upige uulize. Kiingereza wanakisikia vizuri. Sisi tulipiga tulipokwisha kuliwa.

Pia tapeli huyo alitaka kutuuzia pasi za lifti "za punguzo", yaani tiketi za kupandishwa mlimani ili uteleze kushuka. Hapo tulipona kwa sababu hela ilikuwa imekwisha. Pasi ni ya mtu mmoja, haiazimwi wala kuuzwa tena, kwa hiyo nunueni kwa kampuni ya lifti yenyewe. Na pasi ya La Plagne peke yake haikufikishi Les Arcs, eneo jirani la kutelezea. Ya huko inaitwa Paradiski na bei yake ni ya juu zaidi. Wanaoanza hawaihitaji kabisa.

Atakayeliona tangazo lenye kitambaa hicho cha miraba, apige picha ya skrini ionyeshe na namba ya akaunti, anitumie inboksi. Ripoti yetu polisi bado iko wazi na nataka kuiongezea.